Waya wa Mzee Lushinge na vifaranga vyangu

Leo nimesikia vifaranga vikinyamaza kimoja kimoja ndani ya mayai.

Umeme ulikatika asubuhi hapa Igoma, mashine yangu ya kutotolesha ikazimika siku yenyewe ya kutotoa. Jirani yangu, Mzee Lushinge, ana sola kubwa. Akanivutia waya, nikamshukuru Mungu.

Mchana akauchomoa. Nikakimbilia kwake.

“Shikamoo mzee, vimeshaanza kudonoa maganda!”

“Marahaba. Wingu limetanda, betri inashuka, na mimi naangalia mpira. Jua ni la Mungu, betri ni yangu.”

Hiyo sola nilimfungia mimi, jamani. Bure!

Jioni akaja uani kwangu, akayatazama mayai yaliyopoa.

“Usiyatupe,” akasema. “Mbwa wangu wanayapenda.”

Nyie mngemjibu nini?