Mbombo na Pembe ya Ngombe Mwekundu

Batu bakiniuliza nani alijua nyama ya ngombe kupita bote hapa Kolwezi, najibu: Mwamini, bibi ya Swedi. Mwamini ule njo mi. Lakini nikibaki peke yangu, jina ingine linanipanda kinywani: Mbombo. Acha niandike habari yake, maana hayuko tena, na siwezi kumuonea wivu kama zamani. Ao labda naweza.

Alizaliwa ku ferme moja, shamba la kufugia ngombe, ya Biano, kule juu upande wa Lubudi, ambako baba yake Badibanga, mutu wa Kasai, alikuwa muchungaji. Bapadri balimupa jina la Godelieve. Ilipofika amri ya kuacha majina ya bazungu, akabaki Mbombo tu. Kalala, mufanya kazi wa machimbo ya shaba, akamuoa, na mwaka 1973 bakahamia avenue yetu hapa Kolwezi. Alikuwa mufupi, anatembea polepole, mukono mumoja nyuma, sawa mutu anayefuata ngombe hata kama mbele yake hakuna kitu.

Mi nilikuwa mama wa mwiko. Baba yangu alitoka Kasongo, bwana yangu Swedi njo alichinjia Baislamu bote, na ndoa yoyote ya kwetu, ni mi nilipika. Na tulipika kweli! Shiye hatukuwa batu ba kungojea samaki ya barafu ya frigo. Tulikuwa na ngombe ya Biano, ile inakula majani ya baridi, inanona mpaka mugongo unakuwa kama meza. Bageni ba Lubumbashi bakifika, tunabawekea mbavu na bukari, ugali wetu, kelele yabo inaisha.

Kisha Mbombo akaanza kupika mukia wa ngombe kwake, na harufu ikapita ukuta wa lupango. Batoto bangu bakahamia kule. Siku moja Swedi naye akasema:

"Mama Mbombo anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua ngombe."

Sikulala vizuri wiki muzima.

Mwaka 1976 Alimasi, mwenye makamyo ya kubeba mizigo, alikuwa anaozesha binti yake Shida kwa batu ba Lubumbashi. Nikasikia kwamba safari hii banataka Mbombo apike. Nikaenda moja kwa moja kwa Asia, bibi ya Alimasi.

"Asia, miaka kumi na mbili napika ndoa zenu. Leo munanitupa?"

"Nani amekutupa, mama? Tunataka mupike pamoja."

"Miiko mbili mu sufuria moja?"

Asia akacheka. "Basi pika weye. Lakini Mbombo atakuja, nimekwisha kumuita."

Nilijua vizuri: nikishindwa siku ile, hakuna mutu atanipa mwiko tena.

Ngombe alifika alfajiri ya ndoa ndani ya kamyo ya Alimasi. Mwekundu, mukubwa, alama ya moto ya ferme ku paja. Banaume bakapiga kelele: "Ya Biano hiyo!" Swedi akachinja. Mbombo akakaribia, akapitisha kidole ku shina la pembe, polepole, kama mutu anayetafuta mwiba.

"Mama Mwamini, huyu amezaa mara saba. Ngombe akizaa, pembe inaweka pete. Ni muzee. Washa moto sasa."

Nikacheka mbele ya bote. "Weye Mbombo, unasoma pembe sawa gazeti? Mi naona alama ya ferme, inanitosha. Nyama ya Biano haiombi moto wa alfajiri. Tunaanza saa ine, adhuhuri tunakula."

Swedi aliangalia pembe, akaangalia kinywa changu, akaendelea kuchuna ngozi.

Nikamusukumia Mbombo kichwa, miguu na matumbo. "Beba, uendelee kusoma."

Bamama bakacheka. Yeye akanishukuru. Akanishukuru kweli, bila jeuri, na njo iliniuma zaidi. Akaenda nyuma ya nyumba ya Asia, akawasha moto wake saa ileile ya alfajiri.

Adhuhuri nilichoma nyama na kisu. Ikakataa. Nikaongeza kuni, nikaongeza maji. Ilikuwa pneu ile, mupira wa gurudumu la kamyo. Banaume bakatoka musikitini, ba Lubumbashi bakakaa ku mikeka, bakanawa mikono, bakaanza kuangaliana. Asia akaja.

"Mama Mwamini, nyama?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ya leo ao ya kesho?"

Nikaenda nyuma ya nyumba. Mbombo alikaa ku kiti kidogo, nyungu tatu mbele yake: nyama ya kichwa inaachana na mufupa, muchuzi wa miguu unashikana ku vidole, matumbo na nyanya na pilipili.

"Mbombo."

"Mama."

"Iko tayari?"

"Ilikuwa inakungojea." Akanipa mwiko. "Gawa weye. Kazi ni yako."

Nikagawa. Muzee mumoja wa Lubumbashi alilamba vidole mpaka kiganja. "Mama, kichwa ya ngombe munakulaka hivi? Kwetu tunaachiaka imbwa!"

"Kwetu ku Biano," nikasema, "njo desturi."

Sikutaja mutu. Mbombo alikuwa amesimama ku mulango, alisikia yote. Nyama yangu ililainika alasiri, batu bakaibeba kwabo mu mabakuli.

Tangu pale nilishika pembe ya kila ngombe mbele Mbombo afike. Siku moja nikatangaza: "Pete tano!" Mbombo akaweka kidole. "Sita, mama. Ya chini imefichwa na manyoya." Ilikuwa sita. Mpaka aliporudi Lubudi, ambako alikufa, sikumushinda hata mara moja.

Pembe ya yule mwekundu iko ku ukuta wangu. Bajukuu banahesabu pete, bananiuliza nani alinifundisha. Miaka yote najibu: baba yangu.

Baba yangu aliuzaka chumvi. Ngombe hakuchungaka hata siku moja.