Dobi ‘Wiki Ijayo’ afunga duka, atoka na wenzake

Saa nne kasoro asubuhi, Jumamosi, dobi ameshainama juu ya meza yake ya kupigia pasi. Anachovya vidole kwenye bakuli la maji, ananyunyizia shati, anaanza na kola. Kisha mikono. Mgongo unakuja mwisho kwa sababu, anasema, hakuna mtu anayesalimiana na mgongo.

Chumba chake ni kidogo: meza iliyofunikwa blanketi kuukuu, kamba mbili za kutundikia nguo, mabeseni, na dirisha linaloangalia barabara. Mteja anachungulia mlangoni, shati mkononi.

“Mama, hili moja tu. Jioni nina shughuli.”

“Moja tu ndiyo iliyonizeesha, mwanangu,” anamjibu bila kuinua kichwa. “Lete Jumatatu.”

Mteja anacheka, akidhani ni utani. Si utani. Ikifika saa sita dobi anachomoa pasi, anafunga dirisha, anajipaka mafuta mikononi, na huyo anaondoka.

Kwa wanaomfahamu, hiyo ni habari ya kupigiana simu. Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja alianza udobi mumewe alipofariki na kumwachia watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Mwisho wa wiki ndipo nguo za watu hurundikana, kwa hiyo ndipo alipofanya kazi kuliko siku zote. Kila alipoalikwa mahali alikuwa na jibu moja: wiki ijayo. Wenzake wakachoka, wakamwita Wiki Ijayo, naye akawa anaitika.

“Nimesomesha watoto kwa pasi hii, sijuti,” anasema. “Lakini matembezi nilikuwa nayajua kwa kufua nguo za watu tu. Mchanga mfukoni, huyu alikwenda ziwani. Majani kwenye suruali, huyu alikaa bustanini na mtu wake. Mimi soksi zangu zilikuwa safi mwaka mzima!”

Aliyemtoa ndani ni kitinda mimba wake, binti aliyepata kazi mwaka huu. Mshahara wa kwanza ulipoingia alimnunulia mama yake raba, akaziweka juu ya meza ya pasi.

“Nilimwambia, mama, hizi si za kuendea sokoni,” anasimulia binti huyo. “Akaniuliza, sasa nizivae niende wapi? Roho iliniuma. Mtu mzima, hana pa kwenda.”

Akampeleka mama yake, raba miguuni, kwa nesi mstaafu anayeishi nyumba ya tatu, mama mwenye sauti ya kunyamazisha wodi nzima, ambaye huongoza kikundi cha kina mama wanaotoka pamoja kila mwisho wa wiki. Nesi alizitazama raba, akamtazama na mwenye raba.

“Basi leo ndiyo wiki ijayo,” akasema. “Twende.”

Tangu hapo hashikiki. Amepanda kilima kilicho nje ya mji, akipumzika kila penye jiwe. Amekwenda uwanjani kutazama mpira na kushangilia timu zote mbili, maana zote zilikuwa na jezi safi. Amejifunza kufuma, sweta lake la kwanza lina mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mpaka sasa hajapata wa kumpa.

Baiskeli nayo amejifunza, nesi akishikilia kiti kwa nyuma na kupiga kelele. Siku ya kwanza aliingia nayo kwenye maua ya watu. Mwenye maua alitoka akifoka, akakuta ni dobi wake.

“Akaomba samahani yeye!” anasema dobi, akijifuta machozi ya kicheko. “Nina suti yake ndani, atafanyaje?”

Lakini furaha yote hiyo ilikuwa na tundu. Mtu ambaye dobi alitaka kucheka naye kuliko wote alikuwa hacheki naye tena.

Huyo ni fundi cherehani, ambaye chumba chake kimepakana na cha dobi. Kwa miaka mingi mmoja alishona, mwingine akanyoosha, wakala pamoja mchana. Binti wa fundi alipoolewa, mama yake alimshonea gauni kwa mkono wake, na dobi akalinyoosha kwa kuliwekea kitambaa kibichi juu, pindo moja baada ya jingine.

Siku ya harusi ilipofika, waalikwa walimiminika kwa dobi. Huyu suti, yule gauni, mwingine kilemba, na wote walikuwa wanakwenda harusi hiyohiyo. Alimnyooshea kila mmoja. Alipochomoa pasi, watu walikuwa wanarudi.

“Gauni lilifika, suti zilifika, wewe hukufika,” fundi alimwambia kesho yake. Hakugomba. Aliingia ndani kwake, na tangu siku hiyo, miaka minne sasa, ikabaki habari za asubuhi, nzuri, basi.

“Ukuta ni huu mmoja,” anasema dobi, akiugusa. “Nasikia cherehani yake. Ikinyamaza najua anakunywa chai. Zamani angeniita.”

Mwezi uliopita kikundi kilikwenda ziwani, na nesi akamburuta fundi naye aje. Fundi alikaa upande wake wa mkeka, uso kwenye maji. Kina mama wakaingia kuogelea, yeye akawafuata, dobi akavua blauzi tu, akabaki ufukweni na fulana yake ya ndani, kwa kuwa kuogelea hajui. Alibaki na nguo za wenzake.

“Zimezagaa kila mahali, jamani! Ulitaka nifanyeje?”

Alifanya anachokifanya kila siku. Alikunja blauzi na blauzi, ya kwake ya buluu ikiwemo, sketi na sketi, nyeupe akazitenga. Likawa rundo la kupendeza kweli. Ila ghafla mvua ikashuka, kina mama wakatoka majini wakikimbia, kila mmoja akachopoa kilicho juu na kurukia gari. Walipokuja kutazamana, hakuna aliyevaa cha kwake. Nesi, pamoja na urefu wake wote, alikuwa amevaa sketi ya muuza mayai, mfupi kuliko wote kikundini, inamwishia magotini.

Gari zima lilivunjika mbavu. Fundi alitazama dirishani, midomo ameibana. Akashuka na kwenda zake bila kuaga, mwilini blauzi ya buluu ya dobi.

Blauzi ya fundi ilibaki kwenye kikapu cha dobi. Dobi aliifua, akainyoosha, kisha akaitundika na kuiangalia siku tatu. Kuipeleka kulimshinda.

“Niliogopa,” anasema polepole. “Angeona nimemletea nguo tena. Kila siku nguo, mwenyewe sionekani.”

Siku ya nne cherehani ya jirani ilinyamaza, na mlango ukagongwa. Fundi alikuwa amesimama na blauzi ya buluu, imefuliwa, imekunjwa.

“Nimeleta hii tu,” akasema. “Sikai.”

“Kaa kidogo, mwenzangu.”

Akakaa. Fundi aliitazama meza ya pasi, akaguna, “Ile sketi ya nesi, lakini…” Hapo ndipo walipopasuka. Walicheka hadi wakashikana, na katikati ya kicheko fundi akaanza kulia.

“Nilikuwekea kiti,” akamwambia. “Mbele kabisa, karibu na changu. Kila aliyetaka kukikalia nilimkataza, nikasema kina mwenyewe. Kikabaki kitupu mpaka harusi ikaisha.”

Dobi anaposimulia hapa anapitisha kiganja juu ya blanketi la meza kana kwamba lina mikunjo.

“Sikujua habari za kiti,” anasema. “Nilidhani katika watu wote wale hakuna aliyeniona sipo. Nikamwomba radhi. Miaka minne nilikuwa najitetea moyoni kwamba nilikuwa kazini, siku hiyo nikaomba radhi tu.”

Blauzi ya buluu ameivaa leo. Fundi aliinyoosha mwenyewe, na mkono wa kushoto una mistari miwili ya pasi badala ya mmoja, kosa ambalo dobi asingemsamehe mtu mwingine. Pasi iko palepale, ya moto, wala haigusi blauzi hiyo.

Jumamosi ijayo binti wa fundi anakuja na mtoto wake wa kwanza, na uani kwa fundi kutakuwa na shughuli ndogo ya kumpokea. Waalikwa wameshaanza kuleta nguo. Dobi amewaambia wazi kwamba siku hiyo hafungui kabisa, anayetaka kupendeza alete kabla ya Alhamisi.

“Nitafika viti bado viko ndani,” anasema, akifunga kamba za raba zake. “Nitavitoa mimi mwenyewe, kimoja kimoja, nivipange. Halafu changu nikikalie.”