Mama Kimya Apewa Kipaza Sauti

Mama Kimya alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi, na jina hilo alipewa saluni kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuokoteza. Akisuka, midomo yake hucheza muda wote. Wateja walidhani anahesabu misuko, kumbe alikuwa anaomba. Kila kichwa kilichoingia mikononi mwake alikiombea kimoyomoyo mpaka mwisho, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mwenye saluni yeye alimpenda Mungu kwa kelele. Saluni ya ng'ambo ya barabara ilipoanza kumnyang'anya wateja, alinunua kipaza sauti, akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi kila mteja ataombewa kabla ya kusukwa, hadi wapita njia wasikie. Msusi asiyeweza, akatafute kazi kwingine. Mama Kimya, mwenye watoto watatu na asiye na kwingine kokote, alikubali.

Jumamosi saluni ilifurika. Mwenye saluni alifungua kwa maombi marefu, akataja mataifa, bahari na maadui wa ng'ambo ya barabara, mpaka muuza mkaa wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Kisha akamkabidhi Mama Kimya kipaza sauti. Kitini alikuwa amekaa mwalimu mkuu, mwanamke ambaye akikohoa tu shule nzima hunyamaza.

Maskini Mama Kimya hakuwa na maombi ya hadharani. Alikuwa na yale yale ya kila siku. Akafumba macho, akasahau waliopo.

"Mungu wangu, mtazame mwalimu wetu. Mlainishe yule baba anayelala sebuleni tangu wagombane..."

Mwalimu alimdaka mkono. Foleni nzima ikashika vichwa, maana kila mmoja alikumbuka siri alizomwaga kwenye kiti kile. Mmoja alishafika mlangoni.

Mama Kimya alijua kazi imeota mbawa. Akaomba radhi, machozi yakimlengalenga. Lakini mwalimu alikuwa akimtazama kwenye kioo bila hasira.

"Umeniombea hilo tangu lini, mama?"

"Tangu uliponiambia. Kila ukikaa hapa."

Mwalimu akacheka huku anajipangusa macho. "Basi endelea. Ila kimoyomoyo, tafadhali."

Aliyefika mlangoni akarudi kwenye foleni, na siku hiyo hakuna aliyetaka kusukwa na mwingine. Mwenye saluni alizima kipaza sauti mwenyewe. Jioni, wateja walipoisha, alivua kilemba, akakaa kitini, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikimtoka:

"Na lile la mwanangu nililokuambia, unaliombea?"

"Sijaliacha hata siku moja," alisema Mama Kimya, akaanza kumfumua nywele.