Usingizi wa Riziki

Mwanangu, acha niungame kwanza: ni mimi niliyemkondesha Riziki, na nililikana hilo kwa muda mrefu kuliko aibu inavyoruhusu.

Nakumbuka siku moja huko Ntoto, kijiji cha msituni, diploma yangu ya chuo kikuu bado inanuka wino. Nilisimamia uji wa lishe kwa watoto wa Wambuti, wenyeji wa kwanza wa msitu ule. Nilikuwa nimepanga uji ugawiwe kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ili ripoti yangu imalizike mapema. Kambi yao ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu ya mtoto. Hilo sikulifikiria.

Watoto walifika wameloa umande hadi magotini, wakasinzia kabla bakuli halijapoa. Kila Jumatatu mizani ilionyesha wamepungua, na Riziki, wa miaka mitatu, kuliko wote. Nikaandika, kwa Kifaransa kizuri sana, kwamba kwao ni wazembe, jina lake lifutwe, nafasi apewe mwingine.

Bibi yake, Mama Feza, alinikuta kalamu iko juu ya jina.

"Madame, weye unaamukaka saa ngapi?"

"Saa moja," nikajibu kabla sijafikiri. Mlango wa uji ulikuwa ukifunguliwa na mwuguzi.

Wanawake waliowaleta watoto wakaangua kicheko. "Ee, mama! Mukubwa analala, mutoto anatembea mu giza!"

Mama Feza hakucheka. "Kwetu, hakuna mwenye kuamusha mutoto. Akilala, njo pale mwili inajengwa. Munamupa uji na mukono moja, na ingine munamunyanganya usingizi. Leta sufuria kule kambini, jua ikisha kutoka. Mumupime kisha mwezi moja kupita. Akikosa kunenepa, futa jina. Sitalia."

Nilikubali kwa sababu wao walikuwa wengi na mimi peke yangu. Wiki hiyohiyo nikahamishiwa Kirolirwe, upande wa Masisi, sufuria ikabaki kwa mwuguzi, aipeleke kambini. Kila aliyeniuliza nilimwambia kosa ni la mizani, au la minyoo, au la mvua. Saa niliyoipanga mimi? Hiyo haikuwa na neno.

Wewe nawe utatumwa kwenye vijiji hivi ukiwa na karatasi zako. Kabla hujaandika kwamba mama fulani hajali, muulize mtoto wake aliamka saa ngapi, na nani aliyepanga hivyo. Chakula kimfuate mtoto, si mtoto akifuate chakula gizani. Na atakayekukosoa mbele ya watu, mshukuru angali hai. Mimi namshukuru Mama Feza kila nikilala. Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi.

Mwezi ule wa kupima ulipotimia, simu yangu ililia mchana. Mama Feza alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, anahema kama aliyebeba gunia.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, Madame. Ni huyu Riziki, iko mu mugongo. Amekuwa muzito, ataniua!" Akacheka. "Mizani ilisema, lakini mugongo yangu ilitangulia kujua. Jina yake imebakia."

"Nipe nimsalimie."

"Hapana. Iko analala," alisema, sauti ameishusha. "Na weye, mwanangu, Mungu akupe usingizi muzuri."

Akakata simu, asije akamwamsha.