Medali Namba Kumi na Moja

Ningesema hapana tu, mambo yangeishia pale pale. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto analijua, lakini asubuhi ile jirani yangu Evariste aliponiomba nivae medali moja kati ya zile ninazokusanya, niivae kwenye dote ya kijana wake, siku ya kupeleka mahari, na niseme mbele ya watu kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake Evariste mwenyewe, nilikohoa kidogo, nikatazama chini, nikasema sawa. Aibu niliyoipata kwenye dote hiyo ni kubwa kiasi kwamba mpaka leo nikipita mtaa wa Kibenga nageuza uso upande wa ziwa, kama mtu anayehesabu mawimbi.

Lakini kwanza mnijue, maana bila hivyo mtanicheka kwa jambo lisilo lenyewe. Mimi ni mstaafu wa posta. Maisha yangu yote ya kazi nilipanga barua, na barua iliyokosa mwenyewe ilikuwa inaninyima usingizi (marehemu mke wangu alisema nilikuwa nazungumza na bahasha, na kweli, nilikuwa nazungumza nazo). Nilipostaafu, siku moja nilikuta fundi wa Bwiza, anayetengeneza pete na bangili kwa vyuma vya zamani, ameshika kwa koleo medali ya vita ambayo Wabelgiji walimpa askari wao Mwafrika, anataka kuiyeyusha. Nikamwomba aniachie. Hapo ndipo nilipoanza. Leo ninazo kumi na nane, zamani zilikuwa kumi na tisa, zimelala kwenye droo niliyochongewa na seremala wa hapa hapa Nyakabiga, na kila moja ina kikaratasi kimefungwa kwa uzi: namba yake, ilikotoka, alama zake, na jina la askari aliyepewa kama nimelipata. Sheria yangu ni moja, kikaratasi hakitoki kwenye medali. Hata nikiisafisha, hakitoki.

Mjue pia kwamba medali za Wabelgiji ni ngumu kuzipatia wenyewe. Nimewahi kuona ya Muingereza, ukingoni wamechonga namba ya askari na jina lake, unasoma tu. Mbelgiji aliona shaba inatosha. Kwa hiyo lazima utembee, uulize wazee, utazame picha zilizofifia ukutani, uombe paroko akufungulie daftari la ubatizo. Kati ya kumi na tisa, kumi na mbili nilizipatia wenyewe, na hilo nalisema nikiwa nimenyoosha mgongo. Namba nne, kwa mfano, ilikuwa ya mpiga tarumbeta aliyefika vitani Abisinia kwa miguu na kurudi, na wajukuu zake walikuwa wanamjua kama mzee mlevi wa mtaani tu, mpaka nilipokaa nao mchana mzima na daftari langu nikawasomea maisha yake. Mmoja alitoka nje akalia. Huo ndio mshahara wangu.

Namba kumi na moja ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Pete yake ya juu ilikuwa imevunjika na mtu ameweka waya mwembamba wa shaba, akauzungusha mara tatu kwa upole, kama anayefunga kidonda. Miaka sita niliitafutia mwenyewe. Sikupata.

Sasa Evariste akaja. Akaniambia, "Ndugu, we ndiye musemaji wetu kesho. Baba yangu alikuwa askari, unajua. Medaye zake ziliungua na nyumba. Weye unazo zimelala tu mu tiroir. Vaa moja, useme ni ya muzee. Nani atauliza?"

Mimi ndiye niliyekataa kumwazima binamu yangu mwenyewe medali ya kupigia picha. Lakini ukweli ni huu, nilitaka zionekane. Miaka yote hiyo nazionyesha kwa watu watatu wanne, wanatikisa kichwa, wanauliza kama kuna chai. Nikajiambia, medali haina jina, na isiyo na jina haiwezi kumkana mtu. Nikachagua iliyo nzuri zaidi. Kikaratasi sikukitoa (sheria ni sheria), nikakisokomeza ndani ya mfuko wa juu wa koti, medali ikabaki nje inang'aa.

Tulifika kwa wakwe Kibenga saa nane mchana, hema mbili zinatazamana, familia yao upande ule, sisi upande huu, na katikati uwanja mtupu ambao ni wa wasemaji peke yao. Mnajua dote zetu zilivyo. Wasemaji wanachokozana, huyu anatupa neno, yule anarudisha, na uongo mtamu unasamehewa mradi watu wacheke. Nilianza vizuri, jamani. Nilisema tumekuja kutoka ukoo wa mashujaa, nikapiga kifua, nikasema medali hii babu wa kijana wetu aliileta kutoka Abisinia, na hema letu likapiga vigelegele mpaka nikajisikia kama ni mimi niliyepigana.

Msemaji wao, mwalimu mmoja mwembamba, akanijibu, "Medaye tumeiona. Askari je, alibaki njiani?"

Watu wakacheka. Nilikuwa natafuta la kumrudishia niliposikia sauti ya mwanamke mzee kutoka hema lao.

"Ile medaye njo ya baba yangu."

Alikuwa bibi wa binti tunayemposa. Aliitwa Bibi Feza, familia yao ilivuka kutoka Kongo zamani za Wabelgiji. Hema zote mbili zikalipuka kwa kicheko, maana kila mtu alidhani bibi naye ameingia mchezoni, na yule mwalimu akadaka hapo hapo, "Mumesikia? Wanakuja kutuomba binti wakiwa wamevaa mali yetu! Walipe kreti mbili za bia!"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini kicheko ni pombe, na mimi nilikuwa nimelewa. Nikasema kwa sauti yangu ya juu kabisa, "Bibi, medali za Wabelgiji hazina jina. Baba yako alikuwa anapigana, ao alikuwa anawapikia wanaopigana?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Bibi Feza hakucheka. Akainuka na fimbo yake akavuka ule uwanja mtupu, jambo ambalo halifanywi, mwanamke mzee katikati ya wasemaji, na kadiri alivyokaribia ndivyo kicheko kilivyopungua.

"Geuza," akaniambia. "Nyuma kuko waya. Mi nilikuwa mutoto, niliivalisha mbuzi yetu mu shingo, mbuzi ikakimbia, pete ikavunjika. Baba hakunipiga. Alicheka. Akatoa waya mu radio ya zamani, akazungusha mara tatu. Geuza."

Sikuhitaji kugeuza. Nilijua. Lakini nikavuta pini, pini ikashika kitambaa, nikavuta kwa nguvu, na mfuko wa koti (koti lenyewe la kuazima kwa shemeji) ukachanika wote, ukaning'inia kama sikio la mbwa, na kikaratasi changu kikatoka kikibembea kwenye uzi wake. Yule mwalimu akakishika, akakisoma kwa sauti, bado anadhani tunacheza.

"Namba kumi na moja. Kutoka kwa fundi wa Bwiza. Pete imevunjika, waya wa shaba, mizunguko mitatu. Mwenyewe..." Akakisogeza karibu na macho. "Mwenyewe hajulikani."

Mwandiko wangu. Safi, wa karani wa posta.

Hakuna aliyecheka tena. Evariste alikuwa anatazama viatu vyake. Na sasa niwaambie kitu ambacho ni aibu kuliko mfuko uliochanika: wakati huo huo, moyo wangu ulijaa furaha. Namba kumi na moja ina mwenyewe! Nikasahau dote, nikasahau watu, nikamwuliza pale pale, "Bibi, jina lake nani?"

Akaichukua medali kutoka mkononi mwangu, akaifuta kwa kitenge chake.

"Jina lake unalitafuta sasa," akasema. "Umemaliza kusema alikuwa anapika."

Binti walitupatia, msihofu. Evariste akaomba msamaha kwa niaba ya ukoo, bia ikaongezwa, msemaji mwingine akasimama mahali pangu, nami nikapelekwa nyuma kukaa karibu na kreti tupu, nimeshika mfuko wangu kifuani. Medali alibaki nayo bibi, kama ilivyostahili, na hilo silijutii hata kidogo. Kati ya barua zangu zote, ile moja angalau ilifika.

Nilirudi Kibenga mara tatu na daftari. Kila mara Bibi Feza alinipokea kwa adabu, akaagiza niletewe Fanta, tukazungumza habari za mvua. Nikigusa habari za baba yake, alisema, "Kaulize kwa Evariste, si njo babu wa kijana wao?" Mara ya nne nilikuta hema tena uani, na safari hii ilikuwa ya msiba wake.

Siku ya kuondoa kilio, matanga yalipokwisha, nilimwuliza mjukuu wake, yule binti tuliyemposa, kama anajua jina la baba wa Bibi Feza. Akafikiri, akawauliza wajomba. Hakuna aliyejua. Mtaani kote, wakasema, watu walimwita kwa jina la binti yake, kama ilivyo desturi. Mtu pekee aliyelijua jina lake, na safari zake, na redio ile ilikotoka, tulikuwa tumemzika.

Siku hizi nikiombwa kuwa msemaji nakataa, na droo yangu haifunguki kwa ajili ya sherehe ya mtu. Kwenye daftari langu kuna kurasa kumi na mbili zilizojaa, na ukurasa wa kumi na tatu juu yake nimeandika "Baba Feza". Chini yake sina cha kuandika, na kosa ni langu.