Hewa Safi ya Mjomba

Kazi yangu ni kuzamia. Nashuka ziwani kule Mwanza na mtungi mgongoni, natengeneza vizimba vya samaki na kukagua matumbo ya vivuko, na nikipanda juu watu wananiuliza kama nimeona nguva. Hakuna nguva. Kuna matope na chupa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Mwakitolyo. Ndiye aliyenilea na kunisomesha, na ni mtu ambaye akikohoa tu, wachimbaji wake wanaacha kuzungumza. Mvua zilipolijaza duara, pampu yake ikabaki chini, mita hamsini na kitu ndani ya maji, alinipigia simu. Hakuomba. Alisema, "Njoo unitolee pampu."

Nikamweleza kwamba kina kile hakitaki hewa ya kawaida, nitahitaji kuchagua gesi na kuzichanganya.

"Kuchanganya?" akasema. "Mjomba, huku anayechanganya tunamfukuza."

Hapo nilikosea, na kwa kuwa ni mtoto wa huko huko sina kisingizio. Kwetu watu huchanganya dhahabu na shaba, maziwa na maji, dizeli na mafuta ya taa, na kila mara anayelia ni mnunuzi. Neno lenyewe linanuka wizi. Nilipofika nikakuta mtungi wa oksijeni umelazwa kivulini, umefunikwa blanketi bichi, na mchimbaji mmoja ameketi kando kuulinda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hewa yako hiyo. Safi, haijaguswa na mtu."

Alikuwa na furaha hata nikaona aibu kufungua mdomo. Nikaufungua. Nikasema oksijeni safi, ukipita mita sita tu, inageuka sumu: unashikwa degedege majini, unatema kifaa cha kupumulia, na habari yako inaishia hapo.

"Hewa wanayopewa wagonjwa ndiyo ikuue wewe mzima?"

"Basi ashuke na hii tunayovuta bure," akasema mlinzi wa mtungi.

Nikasema hiyo nayo, kwenye kina kile, inalewesha. Naitrojeni iliyomo inapanda kichwani, unasahau ulichofuata, unaanza kusalimiana na chura. Wachimbaji wakachangamka. Mmoja akataka kujua inalewesha kama bia ngapi, na kama ni lazima mtu alowane.

Ikabaki heliamu, gesi nyepesi isiyolewesha, ambayo ningeichanganya kwa vipimo na oksijeni kidogo na naitrojeni kidogo. Tuliyempata ni mama mmoja mpambaji wa kumbi za harusi, wa Kalangalala kule Geita, anayeitumia kujazia maputo. Alikuja kesho yake na mtungi wake, pamoja na maputo mawili mekundu yaliyokwisha kujazwa, tuone mzigo unafanya kazi.

Nikatoa kipimo changu cha oksijeni. Kwenye heliamu tupu kinatakiwa kisome sifuri. Hakikusoma sifuri.

"Naongezeaga hewa kidogo," akasema yule mama bila wasiwasi. "Puto halijui."

Kwa gesi iliyochakachuliwa vipimo vyangu vingekuwa vya kubahatisha; nikajua siwezi kushuka. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwambia mjomba ni kitu kingine. Nilimwogopa yeye kuliko maji. Alikuwa amewatangazia watu wote kwamba mtoto wa dada yake anapumua chini ya maji. Nikaanza kujidanganya: dakika tano tu, na hewa ya kawaida, nitajikaza. Nimewahi kumtoa majini kwa mikono yangu mwenzangu aliyefikiri hivyo hivyo, akiwa ameshakufa.

Ili nivute muda, nikageuka mwalimu. Nikachukua puto moja nikavuta gesi kifuani, niwaonyeshe heliamu ni kitu gani. Mjomba, ambaye hajui kungoja, akachagua dakika hiyo hiyo kuniuliza mbele ya wote: "Sasa unashuka au hushuki?"

Jibu gumu kuliko yote niliyowahi kutoa likatoka kwa sauti ya kifaranga cha bata.

"Mjomba, sishuki. Nitakufa."

Wachimbaji wakaanguka chini kwa kicheko. Mlinzi wa mtungi alishika mbavu akiomba maji. Yule mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mjomba peke yake hakucheka. Alilichukua puto la pili mikononi mwa yule mama, akalivuta mpaka likasinyaa, kisha akawageukia watu wake.

"Pampu ikae huko huko," akasema, kwa sauti nyembamba kama yangu. "Pampu zipo. Mtoto ninaye huyu tu."

Wakacheka zaidi. Yeye akasimama pale akingoja wamalize, mkono wake begani kwangu, nami nikalia mbele yao wote bila kujificha.