Beseni Kichwani

Mbwa wa kwetu hawajui watu, wanajua beseni. Mwanamke akishuka ufukweni na beseni kichwani, wanainuka mchangani mmoja mmoja, wanajinyoosha, wanamfuata hadi mahali atakapokaa kupasua samaki. Anapasua mpale, perege wa huku, anatoa matumbo, anayatupa nyuma bila kugeuka. Ndivyo tulivyofanya tangu tulipovuka ziwa kutoka Kongo na kuanza biashara hii hapa Nchelenge, na tuliowakuta walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Hatukuwa wajinga. Samaki wetu hukaukia kwenye vichanja vilivyo wazi, na wezi hawakosekani. Matumbo yalikuwa mshahara wa walinzi.

Lakini uliza mbwa hao ni wa nani, uone kama utapata jibu. Mwaka mmoja walikuja watu wa mifugo na sindano za bure za kichaa cha mbwa. Walisimama karibu na soko la samaki wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mwenye mbwa amlete. Hakwenda mtu. Ukishasema mbwa ni wako, ni juu yako kumfunga kamba, na ni wewe utakayeitwa akiuma mtoto wa watu. Wakashuka wenyewe ufukweni, wakamwuliza mdogo wangu wa kike, niliyekuwa nikipasua samaki naye kila siku, habari za mbwa jike wa kahawia aliyelala karibu kabisa na goti lake.

"Hapana yangu," alisema. "Inakulaka tu hapa."

Tulicheka kweli kweli, na sisi wengine tukajibu vivyo hivyo. Wale watu walifunga masanduku yao wakaondoka. Kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Mvua zikikaza, serikali hufunga ziwa ili samaki wazae. Mitumbwi hupandishwa nchi kavu, vichanja hubaki vitupu, wanawake hurudi mashambani. Sisi tunajua ziwa litafunguliwa tena, lakini mbwa wataambiwa na nani? Siku za kwanza hukaa pale pale walipozoea kulishwa, wakitazama maji. Baadaye huanza kupanda kwenye nyumba za watu kwa makundi, mbavu nje, wakitafuta kuku na chochote kingine.

Ilikuwa asubuhi ya majira hayo mdogo wangu aliposhuka ziwani kufua. Alijitwisha beseni la nguo. Mimi nilikuwa nyuma kidogo, namfunga bintiye mkanda wa gauni. Nikaona mbwa wakiinuka wote kwa pamoja. Walimzunguka wakitikisa mikia, na yeye akawasemesha kama kawaida yake. Alipotua beseni waliingiza pua, wakakuta nguo. Hapo wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, yeye yuko katikati, akaanguka. Nilipiga mayowe, nikarusha mawe. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walikuja mbio na makasia, wakawafukuza. Alipoinuka alikuwa na vidonda pajani na mkononi, na kile cha mkononi tuliona wote kuwa ni cha yule jike wa kahawia.

Kwenye kituo cha afya nesi alimwosha kwa sabuni na maji mengi, tena kwa muda mrefu. Akasema chanjo imewaishia, kesho yake asubuhi apande basi dogo aende hospitali ya Mansa, asichelewe. Njiani kurudi nyumbani nilimwambia tutaamka mapema. Akanikatalia, akiniita yaya, dada yake mkubwa.

"Yaya, ile ni imbwa yetu. Haiko na bugonjwa, iko na njala tu. Nitaenda Mansa kufanya nini?"

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwacha, nikamrudia tena. Shingo yake ilikuwa ngumu, tena hakuwa peke yake. Kwa wanawake wote wa ufukweni kichaa kilikuwa ugonjwa wa mbwa wageni, wale wanaotokea njia ya Chienge wakidondosha mate. Mbwa uliyemlisha kwa mkono wako hakudhuru. Vidonda vikafunga vizuri, akaja kunionyesha mkono wake, akaniuliza kama sasa ninaona.

Ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa alipoanza kusema kwamba kovu linamwasha. Ikafuata homa. Nikampelekea maji kwenye kikombe, na koo lake likakaza kabla hata hajakigusa. Mtu aliyezaliwa kando ya maji, aliyeogelea kabla hajajua kutamka jina lake sawasawa.

"Yaya, tosha ile mayi," aliniambia, akinipungia mkono niyaondoe. "Tosha, ninakuomba."

Hospitalini daktari hakutudanganya. Tulimzika kabla mitumbwi haijashushwa.

Nililia hadi nikakauka, kisha nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonisimamisha. Niliwaita wanawake wa vichanja. Nikawaambia tuchimbe shimo, matumbo yote yaingie humo na kufukiwa, na watu wa mifugo wakirudi kila mmoja wetu akubali mbwa mmoja kuwa wake. Walikubali wote, wengine wakilia. Shimo tukalichimba. Kwa muda lilitumika, na mbwa wakatawanyika. Wezi wakaja. Walikomba vichanja vya mama mmoja mjane mwenye watoto wengi, wasimwachie hata samaki wa mboga. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa matumbo nyuma. Nilipomwendea aliniangalia usoni.

"Ni weye utachunga samaki yangu?"

Sikumlaumu. Wengine wakamfuata. Watu wa mifugo hawajarudi bado, na sijui kama wakirudi tutafungua mdomo.

Sasa shimo limejaa mchanga. Yule jike wa kahawia alikutwa amekufa kwenye matete majira yale yale, lakini watoto wake wapo, wakubwa tayari, na wenzao wamerudi.

Mvua ziko karibu, ziwa litafungwa tena. Binti wa mdogo wangu naishi naye mimi, na siku hizi namfundisha kushuka ziwani bila kujitwisha. Beseni alibebe ubavuni, limefunikwa kwa kitenge. Asikimbie, asiwasemeshe. Wasichana wenzake wanamcheka, maana asiyejitwisha huonekana mvivu. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo la kumkinga.

Jana aliniuliza, "Mama mukubwa, nitabebaka hivi mpaka wakati gani?"

"Mpaka samaki irudie."

Aliliweka beseni ubavuni. "Na ikirudia, tutaipatia imbwa matumbo tena?"

Nilimwambia ndiyo, tutawapa, nikamkazia kitenge juu ya beseni la mama yake.